Je, Saa za Kufuma ni Saa Zilizopotea?



Liko swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi, na naamini wengi wenu mmeulizwa pia, kila mmoja kwa kazi yake aipendayo. Je, ni halali kwa Mkristo kutumia saa nyingi katika kazi ambayo haimletei fedha, ambayo hakuna aliyemwamuru kuifanya, na ambayo hata asipoifanya hakuna atakayelala njaa? Yupo kati yetu anayepanda maua mbele ya nyumba yake. Yupo anayechonga miiko na vijiko vya mti. Yupo mzee anayekesha akitengeneza redio mbovu za majirani bila malipo. Mimi kazi yangu ni kufuma. Kwa hiyo nitalijibu swali hili kwa upande wa uzi na sindano, nanyi mtaligeuza lielekee kazi zenu.

Nilijifunza kufuma nikiwa msichana wa shule, katika somo la maarifa ya nyumbani, na tangu hapo sijaacha. Nyumbani kwetu, chakula cha jioni kikiisha na vyombo vikioshwa, mzee hufungua redio asikilize taarifa ya habari, wajukuu hufanya kazi zao za shule mezani, nami huvuta kikapu changu. Sisi tukaao huku Njombe twaijua baridi ya Juni na Julai. Kule Makete na juu Kitulo umande huganda ukawa barafu, na asubuhi majani ya viazi huonekana kama yaliyounguzwa kwa moto. Watoto huenda shuleni ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Basi sweta kwetu si pambo.

Mjukuu wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, naye amejifunza kufuma. Jirani mmoja alicheka akasema hiyo ni kazi ya wanawake. Nikamwambia kwamba katika kisiwa cha Taquile, kilichomo katika Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma kwa sindano ni wanaume, na watoto wa kiume hufundishwa tangu wadogo. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ustadi wao wa nguo kuwa urithi wa wanadamu wote. Hata Ulaya zamani, vyama vya mafundi wa kufuma katika miji mingi vilikuwa vya wanaume. Sindano haijui ni mkono wa nani unaoishika. Lakini hilo si swali letu leo.

Swali letu lililetwa vizuri kuliko wote na mtoto wa kaka yangu, ambaye ni mhasibu. Alikuja kutusalimu wakati wa likizo, akanikuta nafuma, akasema, "Shangazi, shikamoo umeshaipokea, sasa pokea na hesabu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Sweta ya mtoto wa darasa la nne yala robo kilo ya uzi na zaidi kidogo. Yachukua jioni kama ishirini, kila jioni saa moja na nusu, yaani saa thelathini. "Ukijilipa hata ujira wa kibarua wa kupalilia," akasema, "na ukaongeza bei ya uzi, sweta hii moja inazidi bei ya sweta kadhaa za mtumba pale sokoni. Na za mtumba zimefumwa kwa mashine, safu zake zimenyooka kuliko zako. Saa hizo thelathini ungeweza kuwatembelea wagonjwa. Au ungeweza kulala, Shangazi, maana umechoka."

Hesabu yake ni sahihi. Sitafuti kosa ndani yake, kwa maana halimo. Wala sipendi majibu mepesi ambayo sisi wapenda kazi za mikono huwapa watu kama yeye.

Jibu jepesi la kwanza ni kusema, "Mimi nafurahia." Ni kweli, nafurahia. Lakini hata mlevi hufurahia, na mcheza bao aliyeacha shamba lake limeota magugu hufurahia. Furaha peke yake haiwezi kuihalalisha saa.

Jibu jepesi la pili ni kukimbilia Maandiko na kusema kwamba Biblia yasifu kazi za mikono. Ni kweli pia. Katika Kutoka sura ya 35 twasoma habari za wanawake waliosokota nyuzi kwa ajili ya hema, na habari za Bezaleli aliyejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi. Mtume Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Mwanamke mwema wa Mithali 31 hutafuta sufu na kitani. Lakini tazameni: hema lilihitajika, Paulo alihitaji chakula, na mwanamke yule alikuwa na nyumba nzima ya kuvika. Wote walifanya kazi ambayo isingefanyika kwa njia nyingine. Mhasibu wetu haulizi kama kazi ya mikono ni njema. Anauliza kama ni njema hata pale ambapo si lazima tena.

Na kwa nini si lazima tena? Hapo yatupasa kwenda Uingereza, karne ya kumi na sita. Zamani hizo soksi zote zilifumwa kwa mkono, na watu wengi maskini walipata riziki yao kwa sindano. Mwaka 1589 mtu mmoja aitwaye William Lee, wa kijiji cha Calverton karibu na Nottingham, alibuni mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Mapokeo yasema alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la hapo, kwa hiyo ni mtu wa jamaa yetu. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa haki ya pekee ya mashine hiyo kwa kuwahurumia maskini ambao wangenyang'anywa riziki. Lee akaenda Ufaransa kutafuta msaada, akafa huko pasipo kuiona faida ya jasho lake. Lakini mashine yake haikufa. Ilienea, nayo ndiyo babu wa mashine zote zilizofuma sweta zilizomo katika marobota ya mtumba.

Mashine ile ilifanya jambo jema ambalo hatuna budi kulikiri: iliwavika watu wengi kwa bei nafuu. Mimi mwenyewe hununua mitumba, na sisemi kwamba anayeinunua ametenda dhambi. Hata hivyo yako mambo ambayo hesabu ya bei haiyaonyeshi. Mwaka 1811 mafundi wa mashine hizo hizo, katika nchi hiyo hiyo ya Nottingham, walianza kuzivunja usiku, kwa sababu ujira wao ulikuwa umeshuka na soko limejazwa kazi duni. Mwaka 1812 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba anayevunja mashine ya kufumia aweza kuhukumiwa kifo. Na katika siku zetu, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la viwanda vya nguo liitwalo Rana Plaza liliporomoka karibu na jiji la Dhaka nchini Bangladesh, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za bei nafuu za kuuzwa Ulaya na Marekani.

Kwa nini nayataja haya? Si kwa ajili ya kuilaani mashine. Nataka tuone kwamba mashine hupunguza saa za kazi, lakini haizimalizi. Zile zinazobaki huzificha. Ukishika sweta ya mtumba, ndani yake zimo saa za mtu ambaye humjui, na pengine alilipwa vibaya, nawe huna njia ya kumshukuru wala ya kumtetea. Ukishika sweta iliyofumwa na mama yako, saa zake zote zi wazi mbele ya macho yako. Hilo halijathibitisha bado kwamba ni vema kufuma. Lakini limetuonyesha kwamba bei si kipimo cha kila kilichomo ndani ya nguo.

Sasa tulichukue swali lenyewe. Kazi isiyo ya lazima ni kwa ajili ya nani? Wako mashahidi wawili wa kale, nao hawakubaliani.

Shahidi wa kwanza ni Aba Paulo, mmoja wa wazee walioishi jangwani katika karne za kwanza za Kanisa. Habari zake ziliandikwa na Yohana Kasiano. Mzee huyu aliishi mbali mno na miji, hata gharama ya kusafirisha kazi zake kwenda sokoni ingezidi bei yake. Bustani yake na mitende ilimtosha kwa chakula. Hata hivyo kila siku alikusanya majani ya mitende na kuyafanyia kazi kama mtu anayetegemea ujira. Pango lake lilipojaa kazi ya mwaka mzima, aliitia moto yote, akaanza upya. Alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba pasipo kazi ya mikono mtu hawezi kudumu mahali pake, wala moyo wake hauwezi kutulia mbele za Mungu.

Kila anayefuma anajua kwamba mzee huyu alisema kweli. Mikono ikishughulika kwa utaratibu, kitanzi baada ya kitanzi, moyo hupata mahali pa kukaa. Mimi nimesali sala nyingi juu ya sindano kuliko juu ya magoti, nalo nalisema kama nilivyoona, pasipo kujisifu. Lakini moto ule! Hapa kwetu, mwezi wa Julai, mtu akichoma sweta za mwaka mzima wakati watoto wa jirani wanatetemeka, hatutamwita mtakatifu. Ikiwa kufuma ni kwa ajili ya roho ya mfumaji tu, basi kufuma na kuchoma ni sawa na kufuma na kuvika. Na dhamiri yetu yakataa kwamba ni sawa.

Shahidi wa pili ni Dorkasi wa Yafa, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Yeye alijaa matendo mema na sadaka. Alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Angalieni jambo moja. Sadaka zake hawakuweza kuzionyesha, kwa kuwa sadaka ikiisha kununua unga huliwa. Nguo zilikuwa bado ziko. Dorkasi hakuchoma kitu. Kazi yake ilikwenda moja kwa moja kwenye migongo ya wajane.

Huyu twampenda zaidi. Lakini mhasibu wetu, tukimletea Dorkasi, atajibu hivi: "Vema. Kama shabaha ni kumvika mjane, basi nunua sweta kadhaa za mtumba kwa gharama ya ile moja, uvike wajane kadhaa badala ya mmoja." Naye atakuwa na haki! Ikiwa kufuma ni kwa ajili ya mwili wa jirani tu, basi njia iliyo nafuu ndiyo iliyo bora, na sindano zangu nizitupe.

Hivyo shahidi wa kwanza peke yake hatutoshi, na wa pili peke yake hatutoshi. Nilikaa na jambo hili muda mrefu, mpaka nikamkumbuka shahidi wa tatu, ambaye ushahidi wake umetajwa katika mstari mmoja tu. Ni Hana, mama yake Samweli. Katika Samweli wa Kwanza sura ya 2 twasoma kwamba kila mwaka, alipokwenda Shilo na mumewe kutoa dhabihu, Hana alimletea mwanawe kanzu ndogo aliyomfanyia.

Fikirini. Samweli hakuwa uchi. Maandiko yasema mstari uliotangulia kwamba alikuwa akitumika akiwa amevaa naivera ya kitani. Nyumba ya Bwana ilimvika. Kanzu ile haikuwa ya lazima. Wala Hana hakuifanya kwa ajili ya kutuliza moyo wake tu, maana hakuichoma, aliibeba njia yote hadi Shilo. Basi ilikuwa nini? Hana alikuwa Rama, mtoto alikuwa Shilo, wala hakumwona isipokuwa mara moja kwa mwaka. Ili kukata kanzu ile ilimlazimu aketi na kukisia: tangu mwaka jana mabega yamepanuka kiasi gani? Mikono imerefuka vidole vingapi? Atakuwa amenifika kiunoni au kifuani? Kwa siku zote alizoishona alimchukua mtoto yule mawazoni, kipimo kwa kipimo. Na Samweli alipoivaa na kuona yamtosha, au imempwaya kidogo, alijua kwamba huko mbali yuko mtu aliyekuwa akimhesabia kimo chake.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Saa za kufuma hazikuwa gharama ya zawadi. Saa zenyewe ndizo zawadi, nayo nguo ni chombo cha kuzibebea. Mhasibu aliziandika upande wa matumizi, nami nadhani mahali pake ni upande wa pili wa daftari. Hamwezi kununua mtumba ambao ndani yake mtu alikuwaza wewe.

Nilimweleza kijana wetu hivyo, naye hakunyamaza. Akasema, "Kama saa ndizo zawadi, Shangazi, basi kaa na mtoto huyo saa thelathini. Weka sindano chini, zungumza naye." Hilo ni neno zito, nami sikulipinga. Pale ambapo mtu yupo karibu na anakuhitaji, yeye kwanza, sweta baadaye. Lakini si wote wako karibu. Yuko mwanafunzi wa bweni, yuko binti aliyeolewa mbali, yuko mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Tena liko jambo ambalo asiyefuma halijui. Mfumaji aweza kuwapo pamoja na mtu kwa namna ambayo wengine hawawezi. Nendeni mkamtembelee mgonjwa wa siku nyingi. Baada ya dakika kumi maneno huisha. Mgeni hutazama saa yake au simu yake, na mgonjwa huona kwamba anamchelewesha, akasema, "Nenda tu, mwanangu, nimeshukuru," hali moyo wake haujataka aende. Lakini ukienda na uzi, waweza kuketi saa mbili kando ya kitanda. Hana haja ya kukuburudisha, wala wewe huna haja ya kumtazama usoni kila wakati anapoumwa. Akitaka kusema, masikio yako yako wazi. Akitaka kusinzia, asinzie. Mikono yako inakwenda mbele, naye anajua kwamba hujakawia kwa ajili yake. Kwa hiyo kufuma na kutembelea wagonjwa si maadui.

Ningependa sasa kulipima jibu hili mahali pagumu, kwa sababu jibu linalofaa mahali pepesi tu si jibu. Akina mama kadhaa tulio katika Umoja wa Akina Mama hufuma kofia ndogo za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kutosha mwilini, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo hupotezea joto jingi kichwani. Iko njia ya kuwatunza watoto hawa iliyoanza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, ambayo huitwa njia ya kangaruu. Mtoto hulazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amevikwa nepi, soksi, na kofia kichwani, na joto la mama ndilo linalomlea. Kofia moja ni kazi ya jioni moja. Uzi wake hutoka katika mabaki ya sweta.

Basi muuguzi mmoja alituletea habari za mtoto wa kike aliyeishi siku tisa. Alivaa kofia ya rangi ya manjano, iliyofumwa na mmoja wetu. Alipofariki, mama yake aliomba azikwe nayo, akasema kwamba hiyo ndiyo nguo pekee ambayo mwanawe aliwahi kuiita yake.

Dada yetu aliyeifuma kofia ile alilia, kisha akauliza mbele yetu sote, "Kumbe nilifuma kwa ajili ya kaburi?" Hakuna aliyemjibu siku ile, na nadhani tulifanya vema. Lakini nimelifikiri swali lake. Kwa hesabu ya faida, kofia ile ilifanya kazi siku tisa, kisha ikapotea. Wala sisemi kwamba ilifuta machozi ya mama yule, maana hakuna kofia inayoweza kufanya hivyo. Nasema neno moja tu. Mtoto yule alikuja duniani mapema kuliko alivyotazamiwa, watu wa nyumbani wakiwa bado hawajaandaa kitu. Lakini kabla hajazaliwa, na kabla hajapewa jina, yuko mtu aliyekuwa ameketi jioni nzima akifikiri ukubwa wa kichwa chake. Kwa hiyo si kweli kwamba alikuja pasipo kungojewa. Kuishi kwake siku tisa badala ya miaka tisini hakuifanyi saa ile kuwa ya uongo. Katika Zaburi ya 139, mwimbaji anapotaja jinsi alivyofanyika tumboni mwa mama yake, neno la Kiebrania analolitumia ni la fundi atariziye nguo kwa nyuzi za rangi. Ikiwa Mungu alitumia ufundi wa namna hiyo kwa mtoto aliyejua kwamba ataishi siku tisa, sisi ni nani tuseme kwamba kofia ilikuwa kubwa mno kwa maisha yale?

Hata hivyo, wapendwa, msije mkadhani kwamba jibu hili linahalalisha kila saa tunayokaa na sindano. Lugha yetu ina maneno mawili yaliyo ndugu: kufuma na kufumua. Sweta ikimbana mtoto, mimi huifumua, uzi nikauosha na kuutundika unyooke, kisha nikaufuma tena kwa ajili ya mdogo wake. Uzi hufumuliwa. Saa hazifumuliwi. Jioni niliyoitumia vibaya hainirudii hata nikivuta namna gani. Kwa hiyo yatupasa kuzipima kabla, nami najiwekea vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: je, walio ndani ya nyumba wamepata haki yao? Katika Marko sura ya 7 Bwana wetu aliwakemea watu waliotumia jina la sadaka ili wasiwasaidie wazazi wao. Mtu aweza kufuma kofia za watoto wa hospitali, huku mtoto wake mwenyewe akimsubiri amsaidie hesabu za shule. Hiyo ni korbani ya uzi.

Kipimo cha pili: je, namwona yule ninayemfumia, au najiona mimi? Wako wanaopewa sweta ya rangi wasiyoipenda, yenye mapambo mengi, ambayo aliyeifuma aliitaka kwa ajili ya kuonyesha ustadi wake. Kisha hukasirika isipovaliwa. Zawadi iliyo na deni ndani yake si zawadi. Hana aliipima kanzu kwa mabega ya Samweli. Hakuipima kwa sifa zake mwenyewe.

Kipimo cha tatu: je, naweza kuacha? Mlango ukibishwa hodi nikiwa katikati ya safu, na moyo wangu ukauchukia mlango kwa sababu ya safu, basi ile kazi imekuwa bwana wangu. Kitu chochote tunachokipenda, kiwe uzi, mpira, bustani, au simu, hujulikana kama ni mtumishi au bwana kwa jinsi kinavyowekwa chini. Kitanzi hakitakimbia. Sindano ikiwekwa vizuri, kazi itangoja hata kesho.

Anayevipita vipimo hivi vitatu na afume kwa amani, au alime maua yake, au atengeneze redio zake, wala asiione haya mbele ya mwenye hesabu. Na mwenye hesabu naye asidharauliwe, kwa maana swali lake ni la haki, nalo lafaa kuulizwa katika kila nyumba. Akina baba na akina mama, ulizaneni mezani: saa zetu za jioni twampa nani? Watoto nao waulizwe, maana mara nyingi wao ndio wanaojua jibu. Zikionekana ni za mtu fulani, mwenye jina au asiye na jina bado, hazijapotea. Zikionekana si za mtu yeyote, bado kuna jioni ya leo.